Msimwite Binti Yangu Mzito: Mlimsomea, Hamkumwonyesha



Leo sizungumzii hina wala shela. Kuna neno moja linanikera na leo nalitoa. Neno lenyewe ni "mzito". Mama anaitwa kwenye kikao cha wazazi, anaambiwa, "Binti yako mzito, hesabu hazimwingii." Chuoni nako anaambiwa hivyo hivyo. Mama anarudi nyumbani kimya, baba anasema basi asipoteze nauli, na binti wa kidato cha pili anakaa ndani kusubiri mchumba. Wengine wanaletwa kwangu: "Mfunze cherehani angalau, maana skuli imemshinda."

Mimi ni fundi wa nguo za maharusi na mabuibui. Nimesoma hadi kidato cha nne, kisha nikachukua kozi ya ushonaji. Cheti cha ualimu sina. Lakini wasichana hao nakaa nao kila siku, na ninachokiona ni hiki: wengi wao hawana uzito wowote. Walisomewa somo, wakanakili ubaoni, wakala bakora kwa kutolijua. Hakuna aliyewaonyesha.

Hebu tuanze na hesabu

Mnaijua sketi ya duara, ile inayofunguka kama mwavuli biharusi akigeuka. Kuikata lazima uigawe duara. Kiuno kikiwa sentimita 66, unagawa kwa 6.28, unapata kama 10 na nusu. Unakunja kitambaa mara mbili ili pembe moja iwe katikati ya nguo, unashika futi kwenye pembe hiyo, unazungusha chaki kwa sentimita 10 na nusu, unakata. Hiyo ndiyo nafasi ya kiuno kabla hujaihesabia mshono. Na hiyo 6.28 haikutoka hewani. Ni pai mara mbili, pai ile ile iliyomtoa mtoto machozi skuli.

Ninapomfundisha msichana jambo hili, simwambii neno pai. Nampa sahani, kipande cha uzi na futi. Zungusha uzi ukingoni mwa sahani, upime. Haya, sasa pima sahani kutoka upande mmoja hadi wa pili, kupitia katikati. Huu urefu wa katikati unaingia mara ngapi kwenye ule uzi wa kuzunguka? Mara tatu na kidogo. Chukua mfuniko wa sufuria, fanya tena. Tatu na kidogo. Chukua ndoo. Tatu na kidogo. Hapo anaanza kucheka, anatafuta kila kitu cha mviringo dukani akipime. Kisha tunakata sketi ya gazeti. Kisha ya kitambaa cha bei rahisi. Mpaka tufike kwenye satini ya mteja, msichana yule aliyeitwa mzito ananigawia viuno kwa kichwa, na wapo wanaoniuliza, "Dada, kumbe pai ndiyo hii?"

Ndiyo hii. Ilikuwa jikoni kwenu siku zote. Sahani ile ile ingeweza kuingia darasani, na mwalimu asingetumia hata senti.

Atakayesema kwamba kukariri kunatosha, nimuulize hili. Msichana aliyekariri kwamba kiuno ni 10 na nusu, akija mteja wa sentimita 74 atafanya nini? Ataharibu kitambaa cha watu. Aliyeelewa atagawa, atapata karibu 12, ataendelea na kazi. Mtihani nao ni mteja. Hauji na kiuno kile kile ulichokariri.

Singo inafundisha kemia

Sasa twende kwenye sayansi, maana huko ndiko mabinti wetu wanakosemwa zaidi. Mtoto anaandika daftarini kwamba asidi na besi zinatambuliwa kwa kiashiria, na kwamba karatasi ya litmasi hugeuka rangi. Litmasi yenyewe hajaiona. Anaijua kama anavyolijua jina la mji wa mbali.

Nani kati yetu hajaona khanga iliyoingia manjano ya singo? Ukiipaka sabuni ya mche, lile doa la njano linakuwa jekundu. Mabibi zetu walilijua hilo kabla ya sisi kuzaliwa. Ukikamulia ndimu juu ya wekundu ule, unarudi njano. Basi hicho ndicho kiashiria. Sabuni ni besi, ndimu ni asidi, na manjano yanakusemea ipi ni ipi. Maji ya majivu nayo yatafanya kama sabuni. Choya pia inaweza kazi hiyo: juisi yake nyekundu, ukiitia magadi, inageuka rangi mbele ya macho yako.

Mwalimu akiingia darasani na vikombe vitatu, manjano, ndimu na kipande cha sabuni, somo la wiki nzima linaingia kwa dakika arubaini. Tena linaingia kwa mtoto ambaye Kiingereza cha kitabuni kinampiga chenga, kwa sababu jicho halihitaji mkalimani. Akishaona ndipo apewe neno la Kiingereza la mtihani. Neno litapata pa kukaa.

Na bahari je? Sisi ni watu wa kisiwa. Kuna skuli zetu ambazo mtoto akitoka mlangoni, hatua chache anakanyaga mchanga wa pwani. Lakini somo la maji kujaa na kupwa linafundishwa kwa mchoro wa chaki, mduara mmoja jua, mduara mmoja mwezi, nakili. Mama wa mtoto huyo huyo analima mwani. Anajua kwamba bamvua linakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, anajua siku za maji mafu, na kazi yake yote anaipanga kwa hayo. Darasa lingetoka mara mbili tu kwa mwezi, likapiga kijiti mchangani, likaandika maji yamefika wapi na mwezi ulikuwaje usiku uliopita. Mama mmoja mlima mwani angealikwa aseme nusu saa. Huyo ni mwalimu, na anapita mbele ya dirisha la darasa kila siku hakuna anayemwita.

"Hayo ni michezo, elimu ina heshima yake"

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Wapo wanaosema kwamba kutumia vitu, picha na michezo kunashusha heshima ya elimu, na hasa elimu ya dini. Eti ustadhi akikaa akasoma, wanafunzi wakarudia, hiyo ndiyo njia ya wema waliotangulia.

Dada zangu, someni sira.

Mtume wetu (S.A.W) alichora. Imepokewa katika Bukhari kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A) kwamba alichora umbo la pembe nne, akapiga mstari katikati ukatokeza nje, na vijistari vidogo pembeni, akawaeleza kwamba huyu ni mwanadamu, huu umemzunguka ni muda wake wa kuishi, kile kilichotokeza nje ni matumaini yake, na vile vidogo ni mambo yanayompata. Alifundisha kifo kwa mchoro.

Alitumia kitambaa. Alishika hariri mkono mmoja na dhahabu mkono wa pili, ndipo akasema kwamba viwili hivi ni haramu kwa wanaume wa umma wake. Nikiwa fundi, Hadithi hiyo naipenda sana.

Alitumia samani. Alimtuma mtu kwa mwanamke wa Kiansari aliyekuwa na mtumishi seremala, ili atengenezewe mimbari. Ilipokuja, alisimama juu yake akasali watu wakimwona, akashuka kusujudu, akapanda tena, kisha akawaambia kwamba amefanya hivyo ili wamfuate na waijifunze Sala yake. Kwa lugha ya leo hicho ni kifaa cha kufundishia, na mwanamke ana mkono wake humo.

Ammar (R.A) alipogaragara kwenye mchanga akidhani ndiyo tayammamu, Mtume (S.A.W) hakumwita mzito. Alipiga viganja vyake chini, akavipuliza, akapangusa uso na mikono, akamwonyesha kwamba hivi tu vingekutosha. Na yule bwana aliyesali haraka haraka aliambiwa rudi ukasali, mara tatu, mpaka mwenyewe akaomba kufundishwa. Kwanza alifanya, kisha akauliza, ndipo akaelezwa.

Na juu ya hayo yote, katika Suratul Maida Mwenyezi Mungu (S.W) anatueleza kwamba mtoto wa Adam alipomuua ndugu yake na asijue la kufanya na mwili, alitumiwa kunguru akifukua ardhi ili amwonyeshe. Alionyeshwa.

Basi anayesema kwamba kuonyesha ni mambo mapya, atuambie alikuwa akisoma sira ya nani.

Wala nisieleweke vibaya kuhusu kuhifadhi. Qur'ani inahifadhiwa, na sina neno la kupunguza hapo. Lakini hata hifdhi yenyewe haikuwa ya kumtupia mtoto juzuu kisha kumsubiri na bakora. Ni mdomo wa mwalimu mbele ya macho ya mwanafunzi. Anasikia, anatazama ulimi unagusa wapi, anarudia, anasahihishwa. Mpe mtoto kioo kidogo ajitazame anapotamka dhaadi na dhaa, uone atakavyojisahihisha mwenyewe.

"Darasa lina watoto wengi, pesa hakuna"

Hili ni la kweli zaidi, na walimu wetu nawaonea huruma. Wengi wanabeba madarasa makubwa na mishahara midogo. Lakini njia ninayoisema ndiyo inayomsaidia mwenye darasa kubwa. Kwenye kozi yangu ya ushonaji cherehani zilikuwa chache kuliko sisi. Mmoja anashona, mmoja anapima, mmoja anakata, wa nne anafumua kilichoharibika, kisha tunabadilishana. Aliyeelewa mwanzo alimfundisha mwenzake, na kwa kufundisha akaelewa zaidi. Watoto sitini ni makundi kumi ya watoto sita. Kila kundi lije na sahani moja kutoka nyumbani.

Pesa nayo isiwe kisingizio, kwa sababu hapa petu jambo hili limeshafanywa kwa vitu vya bure. Mpango wa skuli za awali za madrasa wa Aga Khan, ulioanza Mombasa katika miaka ya 1980 na Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa waliouanzisha, ulifika Zanzibar mwaka 1990. Watoto walihesabu kwa vifuu, kokoto na makombe ya pwani, wakasoma dini yao humo humo, na walimu wengi walikuwa wanawake wa mitaa hiyo hiyo. Hakuna imani iliyoharibika. Baadaye, kuanzia mwaka 2006, yakaja masomo ya redio ya Tucheze Tujifunze. Redio moja mbele ya watoto, inasema simameni, imbeni, hesabuni, na watoto wanasimama, wanaimba, wanahesabu. Na kabla ya hayo, Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati Bara hawakuwa na televisheni kabisa mpaka miaka ya 1990. Kisiwa chenye historia hiyo hakiwezi kusema leo kwamba hakijui kufundisha isipokuwa kwa chaki.

Simu nayo isitufanye wavivu

Kuna kosa la upande wa pili. Skuli inanunua projekta, inapiga picha na mgeni rasmi, na watoto wanawekewa video ya nusu saa, mwalimu yuko nje anajibu simu. Huko ni kukariri kule kule, sasa kuna rangi na muziki. Video nzuri ya dakika tatu unaisimamisha katikati, unauliza, "Sasa itakuwaje?" Unawaacha wabishane, kisha unaiendeleza, kisha kila mmoja anafanya kwa mkono wake. Wasichana wangu wanatazama kwenye simu jinsi ya kuweka zipu ya kujificha. Anayetazama mara kumi bila ya kushika sindano, hawezi. Anayetazama mara moja, akashona, akafumua, akatazama tena, anaweza.

Kwa maharusi wangu

Mtaniuliza, haya yanatuhusu nini sisi tunaofunga ndoa mwezi ujao? Yanawahusu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni darsa zenu wenyewe. Biharusi anawekwa kwenye mkeka, kajifunika, kainamisha kichwa, ustadhati anashika kipaza sauti anasoma masharti ya josho saa nzima huku watu wanapiga picha mapambo. Biharusi anatikisa kichwa. Ukimuuliza baadaye kama rangi ya kucha au gundi ya kope za bandia inazuia maji, hana uhakika, na hina je, hana uhakika. Hiyo ni ibada yake ya maisha yote inayoachwa kwenye mashaka.

Sasa mimi ningefanya hivi. Chukua vipande vitatu vya pamba nyeupe. Kimoja kiache, kimoja kitie hina ioshwe ikauke, cha tatu kipake rangi ya kucha ikauke. Dondosha maji juu ya vyote, kisha vigeuze. Viwili vya kwanza vimelowa nyuma, cha tatu kikavu. Hatasahau mpaka kufa. Kisha leta beseni na kopo, mwonyeshe mpango wa josho juu ya nguo zake, umwambie naye akuonyeshe wewe. Mwache aulize. Mwanamke wa Kiansari alimuuliza Mtume (S.A.W) namna ya kujisafisha baada ya hedhi, hakuelewa jibu la kwanza, akauliza tena, mpaka Bi Aisha (R.A) akamvuta pembeni akamfafanulia wazi. Na Bi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kuifahamu dini yao. Wanawake hao hao wa zama za Mtume (S.A.W) waliomba wawekewe siku yao peke yao ya kufundishwa, na wakawekewa. Kwa hiyo, biharusi, usikubali darsa ya kutikisa kichwa. Mwambie somo wako akupe saa moja faragha, mlango umefungwa, uulize kila kitu.

Ya pili ni watoto mtakaowazaa, inshaallah. Mtakuwa walimu wao wa kwanza, na siku mtakapowapeleka skuli na chuoni mtakuwa na haki ya kuuliza. Mkiitwa kwenye kikao mkaambiwa "mzito", msirudi kimya. Ulizeni kwa adabu: somo lilifundishwaje? Alishika nini? Aliona nini? Alipewa nafasi ya kuuliza na kukosea bila ya bakora? Kama jibu ni kwamba lilisomwa na likaandikwa ubaoni, basi mwambieni mwalimu kwamba bado hatujajua kama mtoto ni mzito, kwa sababu hajafundishwa. Kisha jitoleeni. Fundi apeleke vipande vya vitambaa, muuza duka apeleke mizani ya zamani, mlima mwani apeleke saa moja ya maneno yake.

Kila binti aliyetolewa skuli kwa jina la uzito anakosa daktari ambaye angekuwa, au mwalimu, au fundi anayejua hesabu zake na asiyeibiwa kwenye biashara. Cherehani naipenda na imenilea. Lakini nataka binti aje kwenye cherehani kwa sababu ameichagua. Asije kwa sababu hakuna aliyemletea sahani na uzi.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, awape walimu wetu subira na maarifa, na awafungulie mabinti zetu vifua vyao. Amin.